Kanuni za Uwanja, Kombe la Wakata Manyoya

Ubao naufuta mwenyewe kila Agosti,
chaki inaniingia kwenye mikunjo ya vidole
kama enzi zile nikifundisha hesabu
shule ya Warrabie, kabla hawajaifunga.
Mashimo tisa, tunayazunguka mara mbili.
Nyasi hatuna. Mvua ya Australia Kusini
huja kutusalimu, haikai hata kunywa chai.

Andika, Noeline, huniambia kamati,
na kamati ni Vern Kernich na mkewe.
Basi naandika.

Mpira ukinasa katika ufa wa ardhi, uinue,
uuweke upana wa kadi yako, usilikaribie shimo.
Kinyesi cha kangaruu si kizuizi: piga.
Uzio wa Jaensch una umeme;
ng'ambo yake ni nje ya mpaka, na ni ngano,
na Jaensch ana mbwa.
Kwenye duara la mchanga uliokolezwa oili chakavu ya trekta
vuta reki mara moja tu, toka shimoni hadi mpirani,
usichimbe mfereji kama mkandarasi wa barabara.

Kila kanuni ina mtu wake.
Ya mfereji ni ya marehemu Ivor Trezise,
ambaye mipira yake ilifika shimoni
kwa reli, tulisema, si kwa mkono.
Na ya nne, ya kunguru, ni ya Vern mwenyewe:

Mpira ukichukuliwa na kunguru, weka mwingine
pale pale, bila adhabu,
mradi kunguru ameonwa na watu wawili.

Maana kuna mwaka Vern
alinyang'anywa mipira sita, yote vichakani,
yote wenzake wakiwa wameinama kufunga kamba za viatu.
Kunguru wa Warrabie hawana haya, kweli,
lakini hawamjui mtu kwa jina.

Mwaka huu nimeongeza moja.
Kila mchezaji ataupaka mpira wake rangi.
Vern akauliza, tangu lini? Tuko kumi na wanane,
tunajuana hadi kikohozi.
Nikamwambia, tangu leo.

Sikumwambia kwamba mwaka jana, shimo la pili,
Lindsay Pfitzner aliupiga mpira wangu,
kisha akautazama mkono wake
kama glavu ya mtu mwingine.
Mapigo mawili ya adhabu. Niliyaandika.
Sheria ni msumeno, niliwafundisha wanawe,
hukata mbele na nyuma.
Nikalala macho wazi hadi jogoo la pili.

Sheria hiyo kubwa sina mamlaka ya kuigusa,
inatoka mbali, kwa watu wenye nyasi.
Lakini rangi, rangi naiweza.
Nikampa ya machungwa.

Leo, shimo la saba, upepo wa kusini unachoma masikio,
Vern yuko nyuma anautafuta wake
(alichagua kahawia, na hataki kuzungumzia jambo hilo),
Lindsay amesimama peke yake mahali tambarare
kama meza iliyofutwa, na mpira hakuna.
"Kunguru," akasema.
Si kwa sauti ya mtu anayejitetea.
Ya mtoto aliyenyoosha mkono darasani
na njiani jibu likamponyoka.

Nikatazama juu. Wingu moja, jembamba.
Miaka ishirini na miwili nimeshika kalamu hii.
Nimewahi kumwongezea mume wangu pigo
kwa mpira aliousogeza kwa ncha ya kiatu,
tukarudi nyumbani gari zima kimya.
"Ndiyo," nikasema. "Mkubwa. Kaelekea kwa Jaensch."

Mfukoni nilikuwa na mwingine wa machungwa.
Nilikuwa na minne.
Akauweka, akapiga, ukaenda vizuri tu,
mfupi, umenyooka.

Jioni, klabuni, mabati yakigugumia juu yetu,
Vern akalivuta daftari, kidole juu ya mstari:
Shimo la saba. Kunguru. Mashahidi wawili.
Akanitazama muda wa kumaliza nusu glasi.
"Namfahamu," akasema, "kunguru huyo."